Kura ya Lumbesa

Leo nakupeleka shamba kwanza, mjini tutarudi baadaye.

Mkulima wa vitunguu amevuna. Lori limefika mpaka kona ya shamba, na dalali ametaja bei ya gunia. Mkulima amepiga hesabu zake za ada ya mtoto na deni la mbolea, akakubali. Ndipo vijana wa dalali wanapoanza kazi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kichwa. Wanafuma kamba, wanapandisha wavu, wanashindilia kwa magoti, mpaka gunia linasimama kama mtu aliyembeba mwenziwe mabegani. Hiyo ndiyo lumbesa, wewe unaijua. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na watu wa Wakala wa Vipimo kila msimu wanalipigia kelele jambo hilo. Lakini pale kona ya shamba, likihesabiwa, lumbesa ni gunia moja. Hesabu iko sawa kabisa, na hata ukirudia mara kumi utapata idadi ile ile. Mkulima ameibiwa mbele ya macho yake, na daftari halina kosa.

Nimeanza na gunia kwa sababu jioni hii nataka tuzungumze kura. Ugomvi wetu wa uchaguzi, hapa kwetu na kwa majirani, huwa ni ugomvi wa hesabu. Sanduku limepita wapi? Fomu imesainiwa na nani? Wakala wa chama alitolewa nje saa ngapi? Hayo ni maswali ya haki, na kuna watu wamepoteza maisha kwa kuyauliza. Ila liko swali jingine ambalo hatuliulizi mara nyingi: hiyo kura moja tunayoihesabu, ina uzito gani? Maana uchaguzi unaweza kuhesabiwa kwa uaminifu wote, karatasi kwa karatasi, na bado mtu akarudi nyumbani amefungiwa lumbesa.

Wazee wetu walilijua jambo hili vizuri. Kati ya mwaka 1957 na 1963, Afrika Mashariki ilipitia karibu kila namna ya kupunja kura. Tuzipitie tatu.

Ya kwanza ni ya Kenya, nayo haikujificha hata kidogo. Mwaka 1955 ofisa wa serikali ya kikoloni aitwaye Walter Coutts alitoa ripoti kuhusu namna Waafrika wa Kenya watakavyochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Alipendekeza kura itolewe kwa sifa. Umesoma kiasi gani? Una kipato gani, una mali gani? Umetumikia kazi miaka mingapi? Kila sifa ilikuwa na thamani yake, na mwenye sifa nyingi aliweza kufikisha kura tatu. Basi mwalimu mwenye elimu, mshahara na miaka mingi kazini anaingia kituoni na kura tatu. Karani jirani yake mwenye sifa moja ana kura moja. Na mama anayelima shamba linalowalisha wote wawili, kama hana sifa hata moja kati ya hizo, hana kura. Tena watu wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa waonyeshe kwanza hati ya utiifu kwa serikali, maana ilikuwa bado ni zama za hali ya hatari.

Uchaguzi ukafanyika Machi 1957. Wakachaguliwa Waafrika wanane, na majina yao mengine unayajua mpaka leo: Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro, Daniel arap Moi. Viti vinane kwa mamilioni ya Waafrika, na Wazungu wachache wa nchi ile walikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa 14. Wale wanane hawakuushukuru mlango waliofunguliwa. Walikataa kushika uwaziri chini ya katiba ya mkoloni, wakaitangaza kuwa haifai, wakadai viti zaidi. Walikuwa wameingia kwa mizani ya mkoloni, na jambo la kwanza walilolifanya ndani ni kuikataa mizani yenyewe.

Ya pili ni ya kwetu Tanganyika, ile iliyoitwa kura tatu. Jina linafanana na la Kenya lakini mambo ni tofauti. Hapa mpiga kura aliyekubaliwa kwenye daftari, na alikubaliwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo, alipewa karatasi na kuamriwa achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Majimbo yalikuwa kumi, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu. Kwa hiyo Waafrika, ambao walikuwa zaidi ya milioni nane na nusu, walipata viti kumi. Wazungu waliokuwa kama elfu ishirini, nao kumi. Waasia, kumi.

Angalia mpunjo ulipohamia. Kila mtu kituoni alikuwa na kura sawa na mwenziwe, na hakuna mwalimu aliyemzidi karani. Uzito ulipotea kwenye viti. Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi: karatasi ilikulazimisha useme maneno yasiyo moyoni mwako, la sivyo inakuziba mdomo.

Wanachama wengi wa TANU walitaka chama kisusie. Januari 1958 wakakutana Tabora kwenye mkutano mkuu, na hoja ya kususia ilikuwa na nguvu kweli kweli. Mwalimu Nyerere akasimama upande wa kuingia. Mkutano ukakubali, na uamuzi ule baadaye ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress.

Kilichotokea kwenye uchaguzi, uliofanyika kwa awamu mbili Septemba 1958 na Februari 1959, kilimshangaza aliyeitunga kura tatu. Waafrika, hata kwa masharti yale magumu, ndio waliokuwa wengi kwenye madaftari katika sehemu nyingi. Kila mgombea wa Kizungu au wa Kiasia aliyetaka kiti ilibidi azitafute kura za Waafrika, na mwenye kura hizo alikuwa TANU. Watu kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa waliingia kwa mbeleko hiyo. Mtego uliotegwa ili walio wachache wawe na sauti yao ya pekee ukawa njia ya walio wengi kuchagua ni wachache gani watakaosema. Nalieleza hili ili tuwe na adabu mbele ya mambo ya uchaguzi. Mtunga njia ya kupiga kura anajua anachokitaka, lakini karatasi ikishaingia mikononi mwa watu inafanya kazi zake yenyewe.

Sasa tuvuke maji. Ya tatu ni ya Zanzibar, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu kufikia Julai 1963 mambo ya sifa na rangi kwenye karatasi yalikuwa yamekwisha. Mtu mzima mmoja, mwanamume au mwanamke, kura moja, jimbo moja, mbunge mmoja. Ungesema nini zaidi?

Januari 1961 kulikuwa na viti 22. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, chama cha Hizbu 9, na ZPPP, chama kilichojitenga na Afro-Shirazi, kikapata 3. Chake Chake ilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na Baraza likawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Kikaongezwa kiti kimoja, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule, na siku ya kupiga kura fujo zikalipuka, watu zaidi ya 60 wakafa. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali pamoja.

Halafu ukaja uchaguzi wa Julai 1963, wa kuamua nani atakabidhiwa nchi na Waingereza. Viti safari hii 31. Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya elfu 87, ambazo ni asilimia 54 ya kura zote. Hizbu walipata karibu elfu 48. ZPPP zaidi kidogo ya elfu 25 na mia tano. Viti je? Afro-Shirazi 13. Hizbu 12. ZPPP 6. Waliopata zaidi ya nusu ya kura wakawa wapinzani, na wenzao wawili kwa viti 18 wakashika serikali.

Chukua kalamu ugawe. Kiti kimoja cha Afro-Shirazi kiligharimu kura karibu 6,700. Kiti cha Hizbu, kura karibu 4,000. Cha ZPPP, 4,300 hivi. Wote wanauza gunia moja kwa bei ya gunia moja, yaani kiti, lakini gunia la Afro-Shirazi limefungwa na kichwa juu. Hiyo ni lumbesa, msikilizaji, ya wazi kuliko ya vitunguu.

Ilitokeaje? Wafuasi wa Afro-Shirazi walikuwa wamesongamana Ng'ambo na katika mashamba ya Unguja. Katika majimbo hayo chama kilishinda kwa maelfu, na ukishavuka kura ya ushindi, zote zinazobaki hazinunui kitu. Wenzao walishinda majimbo mengi ya Pemba na ya Mji kwa tofauti ndogo, kila kura ikifanya kazi yake. Wapo waliosema mipaka ilichorwa kwa hila. Lakini hata mchora mipaka mwaminifu, mwenye rula iliyonyooka, anaweza kukuletea matokeo ya namna ile, mradi watu wa upande mmoja wanaishi pamoja na wa upande mwingine wametawanyika.

Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, yakawa Mapinduzi. Sitaki kusema hesabu ya kura ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Yana mizizi mirefu, ya ardhi, ya utumwa, ya maneno machungu ya miaka mingi, na damu iliyomwagika ilikuwa ya watu wasio na hatia pia. Ila serikali ile ilikosa kitu kimoja ambacho serikali yoyote inakihitaji siku ya shida: haikuweza kuwatazama watu wake na kusema, ninyi wengi ndio mlionituma.

Utaniambia hayo ni ya zamani. Haya, tuje leo.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na nusu. Majimbo ni 290. Ukigawa, kila jimbo lingekuwa na watu kama elfu 164. Sasa nenda Lamu Mashariki, kule Faza, Kizingitini, Siyu na Kiunga, na utakuta watu elfu 22 na ushei. Mbunge mmoja. Mtu wa Lamu Mashariki ana sehemu ya mbunge inayozidi mara saba ya Mkenya wa wastani. Hapa Tanzania, uchaguzi wa 2020 ulikuwa na majimbo 264, ya Bara 214 na ya Zanzibar 50. Kwa sensa ya 2022, jimbo la Bara lilikuwa na wastani wa watu kama elfu 280, na la Zanzibar kama elfu 38. Ni mara saba tena.

Ukiishia kwenye kikokotoo utasema ni dhuluma, tuyavunje majimbo hayo. Ngoja kidogo. Mbunge wa Lamu Mashariki anafika kwa wapiga kura wake kwa boti, akisubiri maji yajae. Wa Nairobi anaweza kulizunguka jimbo lake lote kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana. Na Zanzibar iliingia kwenye Muungano mwaka 1964 ikiwa nchi, haikuingia ikiwa wilaya. Ukiipa viti kwa hesabu ya vichwa peke yake, itabaki na majimbo yasiyofika kumi kati ya mia mbili na zaidi, na hapo ndoa ya wawili inakuwa mtu na kivuli chake. Usawa wa watu ni haki. Usawa wa washirika wa mkataba nao ni haki. Zikikutana lazima moja iipishe nyingine kidogo.

Mimi ninachokidai ni masharti ya kupishana huko. Nikikuuzia gunia zito kwa sababu tumekubaliana, uzito umeandikwa na wote tumeuona, hiyo ni biashara. Lumbesa ni pale uzito unapofichwa nyuma ya neno "moja". Katiba ya Kenya ya 2010 imejaribu kuuandika uzito huo: jimbo linaweza kupishana na wastani kwa asilimia 30, au asilimia 40 kwa miji mikubwa na kwa sehemu zenye watu wachache, na mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Hata hivyo majimbo 27 madogo, Lamu Mashariki likiwa mojawapo, yalilindwa yasifutwe katika mapitio ya kwanza ya 2012. Na Machi 2024, miaka kumi na miwili ilipotimia, tume ya uchaguzi haikuwa na kamishna hata mmoja wa kuifanya kazi hiyo. Muda ukapita. Hakuna aliyeandamana. Fomu moja ikipotea tunafunga barabara, lakini mipaka ya nchi nzima ikipitwa na muda wake tunalala.

Mpaka hapa nimesema mipaka na viti. Limebaki fundo moja la mwisho, na hili limo ndani ya karatasi yenyewe, hata pale ambapo nchi nzima ni jimbo moja.

Turudi Kenya, Desemba 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Malalamiko ya wizi na vitisho yalikuwa mengi, lakini kwa jioni hii tuyaweke kando, tuzichukue namba za urais zilizotangazwa. Moi, asilimia 36. Matiba, 26. Kibaki, 19 na nusu. Jaramogi Oginga Odinga, 17 na nusu. Moi akaapishwa. Karibu watu wawili katika kila watatu walimpigia mtu mwingine.

Watu walisema wapinzani waliponzwa na ubinafsi wao. Kweli, ubinafsi ulikuwepo. Lakini hebu tuitazame karatasi ilivyomtendea mpiga kura. Ukimtaka Moi, unatia alama kwa Moi, na alama yako hiyo moja inamwinua juu ya Matiba, juu ya Kibaki na juu ya Odinga, wote watatu kwa mpigo. Mimi ninayesema, yeyote kati ya hawa watatu, mradi si Moi, nitaitia wapi alama yangu? Nikiitia kwa Matiba, nimemwinua Matiba, lakini Kibaki na Odinga nimewaacha chini pamoja na Moi. Wewe umesema neno lako lote. Mimi nimesema theluthi ya neno langu, na tumehesabiwa sawa.

Hapo ndipo ninapopata kipimo cha mizani ya kura. Jiwe la kilo moja likiwekwa upande huu, lazima liweze kupatikana jiwe la kilo moja la kuweka upande ule, mti wa mizani ulale sawa. Kwa kila kura unayoweza kuipiga, iwepo kura kinyume chake ninayoweza kuipiga mimi ikaifuta. Wakiwa wagombea wawili, kipimo hiki kinatimia chenyewe: wewe huyu, mimi yule, tumetoshana. Wakifika watatu na karatasi ikaruhusu alama moja tu, kipimo kinavunjika. Kura ya kukufuta wewe haipo kwenye karatasi.

Tuchukue mfano mdogo wa nyumbani. Kikundi cha kukopeshana cha watu 30 kinachagua mweka hazina. Bi Zena anapata kura 12, Mzee Haji 10, Omari 8. Bi Zena ameshinda. Ila wale 18 wote hawamtaki, maana kila mwezi hufunga hesabu kwa kuchelewa. Sasa rudia uchaguzi ule ule, kila mtu aruhusiwe kutia alama ya vema kwa kila anayemkubali. Watu 12 wa Bi Zena wanamtilia yeye peke yake. Kati ya 10 wa Mzee Haji, saba wanamkubali na Omari. Kati ya 8 wa Omari, sita wanamkubali na Mzee Haji. Hesabu: Mzee Haji 16, Omari 15, Bi Zena 12. Watu ni wale wale na mioyo ni ile ile, lakini sanduku limetoa mtu mwingine.

Najua kuna msikilizaji ameshashika simu anipigie. Anataka kuniambia: mtangazaji, umemlaani Coutts kwa kumpa mtu kura tatu, na sasa unataka mtu mmoja atie alama mbili na mwenziwe moja? Swali zuri, tena ndilo lenyewe hasa. Kura tatu za Coutts zililundikwa kwa mtu mmoja, na karani mwenye kura moja hakuwa na njia yoyote ya kumfuta mwalimu mwenye tatu. Hizi alama za vema hazilundikani, kwa kuwa mgombea mmoja hapati kwako zaidi ya moja. Na akitokea mtu akasema "Bi Zena peke yake", mimi naweza kusema "Haji na Omari", na baada ya sisi wawili kila mgombea ana alama moja, kana kwamba hatukuja kituoni. Tumefutana. Usihesabu alama, tazama kama mizani imelala. Tena ni tofauti na kura tatu ya Tanganyika, kwa sababu hakuna anayelazimishwa kumtilia asiyemtaka.

Njia hii si ndoto. Huko Marekani wapiga kura wa St. Louis waliikubali mwaka 2020 kwa uchaguzi wa meya wao. Ziko na nyingine. Australia tangu 1918 hupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mgombea wa mwisho akitolewa, karatasi zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Kenya imechagua nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, la sivyo iwepo duru ya pili. Sisi Tanzania tulikuwa na sharti la zaidi ya nusu kwa urais, tukaliondoa katika katiba mwaka 2000, na sasa anayewazidi wenzake anatosha.

Kila moja ina kasoro yake. Duru ya pili inasaidia, lakini duru ya kwanza bado ni ile karatasi ya alama moja. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea urais 16. Kura za mrengo wa kushoto zikasambaa, Lionel Jospin akaachwa nje kwa chini ya asilimia moja, na Le Pen akaingia duru ya pili, ambako Chirac alimshinda kwa asilimia 82. Mtu ambaye wanne kati ya watano hawakumtaka alikuwa mmoja wa wawili wa mwisho. Na hizi alama za vema nazo zina mtego wao: ukimtilia vema wa pili unayemvumilia, unaweza kumsaidia amshinde yule wa kwanza unayempenda. Kila njia ina bei yake, na ninachoomba mimi ni bei iandikwe pale inapoonekana.

Maana karatasi isiposema, wakubwa husema kwa niaba yetu. Kenya ya 2002 iliponea hivyo. Wapinzani walikumbuka walivyogawanyika 1992 na 1997, wakaungana, Raila Odinga akasema Kibaki atosha, na Kibaki akapata asilimia 62. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini "yeyote kati ya hawa" ambayo karatasi ilishindwa kuibeba ilibidi ikajadiliwe na vigogo faraghani, kwa mkataba wa kugawana vyeo, na muda si mrefu wakagombana kuhusu mkataba huo huo. Kazi ya kujumlisha mioyo ya watu ni ya sanduku la kura. Ikishindikana pale, inahamia mahali ambapo mimi na wewe hatualikwi.

Muda wangu unakwisha. Mkulima wetu wa vitunguu anajua kwamba saa ya kudai mizani ni kabla vijana hawajaanza kufuma kamba, kwa kuwa lori likishaondoka anabaki na hadithi. Kwa upande wa kura, saa hiyo ni miaka hii mitulivu isiyo na kampeni, pale tume inapotangaza kupitia mipaka na kuomba maoni, au muswada wa uchaguzi unapopelekwa kamati ya Bunge, na ukumbini wanakuja watu saba na mbu.

Kwa hiyo nakupa kazi ndogo. Mwezi huu au ujao utakaa kwenye kikundi, cha VICOBA, cha kwaya, cha madrasa, cha kamati ya maji, na mtachagua mtu kati ya watatu au wanne. Omba mfanye njia zote mbili siku hiyo hiyo: kwanza alama moja kila mtu, kisha vema kwa kila mnayemkubali. Linganisheni. Akitoka mtu yule yule, mpigieni makofi mara mbili, maana ameshinda kwelikweli. Akitoka mwingine, msikimbilie kugombana. Kaeni chini muulizane ni ipi kati ya zile karatasi mbili iliyowaachia nafasi ya kusema yote mliyokuja nayo. Halafu uniandikie, nami nitayasoma majibu yenu hapa hapa.